Potasiamu ya baba imepanda: je, ni ndizi tu?

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, yuko kwetu Ukerewe. Ana presha ya siku nyingi na anatumia losartani na amlodipini. Wiki mbili zilizopita alikuja kwangu Nyakato, Mwanza, akilalamika mgongo, nikampeleka akapimwa damu. Majibu: kreatinini 190, potasiamu 5.9, sodiamu 131. Tukaambiwa figo zimeanza kuchoka, aache ndizi, arudi baada ya mwezi. Chumvi tulishambadilishia zamani, anatumia ile ya dukani iliyoandikwa inawafaa wenye presha. Kwa mgongo anameza diklofenaki za duka la dawa, karibu kila siku. Jirani alimwambia anywe maji mengi asafishe figo, sasa anamaliza kama lita sita kwa siku. Amesharudi Nansio na anasema yuko mzima kabisa. Naomba unisaidie: kama figo zimechoka, mbona anakojoa sana, hata usiku anaamka mara nne? Sodiamu iko chini, tumwongezee chumvi? Nasikia losartani ndiyo inayoua figo, aiache? Ndizi ameacha, lakini huko anaishi kwa viazi na machungwa, ale nini? Na mimi na wadogo zangu tupime?"

Marahaba. Nianze na lile lisilosubiri, halafu tutaongea taratibu.

Huo mwezi usiungoje uishe. Mpigie mzee leo umwambie mambo mawili: diklofenaki aache kabisa, na ile chumvi ya dukani aiweke pembeni. Kesho asubuhi aende hospitali ya wilaya pale Nansio akiwa na karatasi ya majibu na dawa zake zote kwenye mfuko, apimwe tena potasiamu na sodiamu (madini ya kwenye damu) na kreatinini (taka ya misuli ambayo figo hutakiwa kuitoa), na apimwe umeme wa moyo, kile kipimo cha ECG. Kama hapo majibu ya potasiamu hayatoki siku hiyo hiyo, apande meli ya kwanza kuja Mwanza, hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Nasema mapema kwa sababu ya kisiwa. Mtu wa Nyakato akizidiwa saa nane za usiku anatafutiwa gari. Mtu wa Ukerewe ana maji mbele yake, na kivuko cha Rugezi au meli ya Nansio haiondoki kwa sababu yako.

Unasema anajiona mzima. Naamini, na ndicho kinachonifanya nisitulie. Potasiamu ikipanda mara nyingi haitoi taarifa. Wachache husikia miguu mizito au moyo kurukaruka, wengine hawasikii kitu mpaka mapigo yanapovurugika. Akianza kuishiwa nguvu za misuli, kuzimia, mapigo kwenda polepole mno au kwa kurukaruka, kubanwa pumzi, kuchanganyikiwa, au mkojo ukikatika, hapo hakuna cha kesho asubuhi. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Inawezekana pia ile 5.9 haikuwa ya kweli yote. Chembe nyekundu za damu zimejaa potasiamu. Damu ikivutwa kwa nguvu na sindano nyembamba, mkono ukifungwa mpira muda mrefu huku mgonjwa anaambiwa "kunja ngumi, kunjua, kunja tena", au kichupa kikikaa masaa kabla ya kufika kwenye mashine, chembe hizo huvuja au kupasuka, au misuli ya mkono huachia potasiamu yake, nayo humwagikia kwenye sampuli. Damu ikishatenganishwa, yale majimaji ya juu yanatakiwa yawe na rangi ya manjano ya majani makavu. Yakiwa na wekundu, mtu wa maabara anajua namba hiyo si ya kutegemea. Kwa hiyo mzee asifumbefumbe ngumi kesho, na amuulize fundi wa maabara kama sampuli iko safi. Ila msishike hiyo kama sababu ya kutokwenda. Kwa dawa anazomeza, mimi naamini namba ile ina ukweli ndani yake.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe ya figo, kwa maana maswali yako matano yana mzizi mmoja.

Watu wengi hudhani figo ni chujio: uchafu unabaki, damu safi inapita. Sivyo. Figo zetu mbili huchuja lita 180 hivi za majimaji kwa siku, na majimaji ya damu yote mwilini hayazidi lita tatu na ushei; maana yake yanapita kwenye vichujio mara 50 au 60 kila siku. Mkojo unaotoka ni lita moja na nusu tu. Zilizobaki zimerudishwa. Anayechambua mchele huokota mawe akauacha mchele kwenye ungo. Figo hufanya kinyume, humwaga kila kitu nje kisha huokota mchele punje kwa punje. Sukari inarudishwa yote, sodiamu karibu yote, maji karibu yote. Uchafu unatupwa kwa sababu tu hakuna aliyeuokota.

Uokotaji huo hufanyika kwenye vijirija vidogo, nefroni, ambavyo mtu huzaliwa navyo karibu milioni moja kwa kila figo. Sehemu ya mwanzo ya kijirija hurudisha theluthi mbili ya maji na sodiamu bila kuuliza. Kitanzi kinachofuata hurudisha robo nyingine ya sodiamu. Kinachofika mwishoni ni kidogo sana, lakini hapo ndipo maamuzi ya siku hufanyika: mwili ubakize chumvi kiasi gani, maji kiasi gani, na utupe potasiamu kiasi gani.

Potasiamu inahitaji maelezo marefu kidogo. Asilimia 98 ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli, hasa za misuli. Iliyo nje, kwenye damu na majimaji yanayozizunguka seli, ni kama milimoli 60 tu (milimoli ni kipimo cha kiasi cha madini) kwa mwili mzima. Chakula cha siku moja cha mtu anayekula vizuri kina milimoli 60 hadi 100. Ebu fikiria hapo: kila siku tunameza potasiamu inayolingana na yote iliyo nje ya seli, au zaidi, na bado namba ya kwenye damu inakaa kati ya 3.5 na 5. Moyo unategemea tofauti hiyo ya ndani na nje ili upige kwa mpangilio, ndiyo maana kosa dogo la namba hii ni kubwa kuliko kosa la namba nyingi nyingine kwenye karatasi yako.

Mara tu baada ya kula, insulini huisukuma potasiamu iingie kwenye seli, isirundikane kwenye damu. Huo ni ucheleweshaji tu. Kuitoa nje kabisa ni kazi ya figo kwa masaa yanayofuata. Zinatoa asilimia 90 hivi na utumbo mpana hutoa iliyobaki. Na namna zinavyoitoa ni ya ajabu kidogo: karibu potasiamu yote iliyochujwa mwanzoni hurudishwa kwanza, halafu mwishoni mwa kijirija figo huitupa kwa makusudi kiasi inachotaka. Hapo sodiamu inarudi kwenye damu, potasiamu inaingia kwenye mkojo. Ili hilo lifanyike inatakiwa vijirija viwe vya kutosha, sodiamu na majimaji vifike hadi mwisho wa kijirija, na iwepo amri ya homoni inayoitwa aldosteroni, inayotoka kwenye tezi ndogo zilizokaa juu ya figo.

Mwangalie sasa mzee. Kwa umri wake, kreatinini ya 190 inaonyesha figo zinachuja kama theluthi moja ya kawaida. Hesabu tunazotumia zinatoa mililita 34 hivi kwa dakika, wakati kijana mzima huwa karibu 100. Vijirija vimepungua. Losartani, kwa jinsi inavyofanya kazi, hupunguza amri ya aldosteroni. Halafu diklofenaki: mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye kichujio hubaki wazi kwa msaada wa kemikali ambazo diklofenaki huzizima, basi unabana, damu inayofika inapungua, uchujaji unashuka, na amri ya aldosteroni inapungua tena. Losartani nayo hulegeza mshipa unaotoa damu upande wa pili. Kuingia kumebanwa, kutoka kumelegezwa, presha ndani ya kichujio inaanguka. Kila dawa peke yake mzee angeweza kuistahimili kwa muda. Zikiwa pamoja, kwenye figo ambazo tayari zimechoka, kreatinini hupanda na potasiamu hukosa pa kutokea.

Juu ya hayo mnammwagia potasiamu kwenye mboga. Chumvi nyingi zinazouzwa kwa watu wa presha zimepunguzwa sodiamu kwa kuchanganywa na kloridi ya potasiamu. Geuza pakiti usome nyuma. Ikiwa robo yake ni kloridi ya potasiamu, kijiko cha chai, yaani gramu 5, kina milimoli 17 hivi za potasiamu, na zipo zenye nusu au zaidi. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 11. Sasa nani wa kulaumiwa, ndizi au pakiti? Sisemi chumvi hizo ni mbaya. Shirika la Afya Duniani mwaka 2025 lilizipendekeza kwa watu wazima kwa jumla kwa sababu zinashusha presha kweli, ila likawaweka kando wenye ugonjwa wa figo. Kosa ni kumwambia kila mwenye presha azitumie bila kumpima figo kwanza.

Kuhusu kukojoa sana, hilo huwachanganya wengi, hata wanaokaa na mgonjwa kila siku. Wingi wa mkojo haupimi ubora wa figo. Figo nzima usiku hukusanya mkojo mzito, kidogo, ili ulale. Figo iliyochoka hupoteza kwanza uwezo huo wa kuukoleza, kwa hiyo inatoa mkojo mwingi mwepesi wenye taka kidogo ndani, mchana na usiku. Hapo jumlisha zile lita sita za maji anazokunywa, na amlodipini, ambayo huwavimbisha wengine miguu mchana, na akilala majimaji hayo yanarudi kwenye damu na kutafuta njia ya kutokea. Kwa mwanaume wa miaka 61 kuna la tatu: tezi dume. Kibofu kisipomwagika vizuri, mkojo hurudi nyuma ukazikandamiza figo, na hilo peke yake hupandisha kreatinini na potasiamu. Mwulize, bila kumwonea aibu, kama mkojo unachelewa kuanza, unakatika au unadondoka. Hata kama atasema hapana, apigwe ultrasaundi ya figo na kibofu. Kama utoto wake alipitia vijiji vya mabwawa na mashamba ya mpunga huku Usukumani na aliwahi kukojoa damu, aseme pia. Kichocho cha zamani kinaweza kuacha makovu kwenye njia ya mkojo.

Sodiamu 131 usiitibu kwa chumvi. Namba hiyo inaeleza uwiano wa chumvi na maji, na mara nyingi ikishuka tatizo ni maji kuzidi. Ubongo hupima ukolezi wa damu muda wote. Ukipanda kwa asilimia moja au mbili tu unapata kiu na homoni ya kubakiza maji inaachiliwa, ukishuka homoni hiyo inazimwa na figo zinamwaga maji. Figo za mzee haziwezi kumwaga haraka kama zamani, na diklofenaki huifanya homoni hiyo iwe na nguvu zaidi. Lita sita hazina pa kwenda, sodiamu inazimuliwa. Chumvi mkiongeza mtapandisha presha na kuvimbisha miguu, na chanzo kitabaki pale pale. Mpaka atakapoonwa, anywe kwa kiu yake: lita moja na nusu au mbili zinamtosha, zaidi kidogo akishinda juani. Hakuna figo inayosafishwa kwa maji kama ndoo, na zile chupa za "dawa ya kusafisha figo" zinazotembezwa stendi na sokoni asiziguse. Nyingine zina mimea yenye potasiamu nyingi, na muuzaji hajui kilichomo.

Losartani sasa, kwa maana hapa ndipo ndugu wengi hukosea kwa mapenzi mema. Ni kweli ikianzishwa kreatinini hupanda kidogo. Kupanda hadi asilimia 30 huwa tunakuvumilia, kwa sababu kushusha presha ndani ya kichujio ndiko kunakokifanya kidumu miaka zaidi, hasa kama mkojo una protini. Watu wanaoiacha kwa kuogopa mara nyingi hurudi baadaye na presha ya 200 na figo mbaya kuliko mwanzo. Upande mwingine, potasiamu ikifika 6 au zaidi tunaisimamisha sisi wenyewe bila kubishana. Mzee yuko kwenye ukingo, na majibu ya kesho ndiyo yatakayosema. Asiiache kwa uvumi, wala asiimeze wiki nzima bila majibu mapya. Kuna hali moja tu ambayo ningetaka aisimamishe kabla hajafika kwa daktari: akiharisha au kutapika kiasi cha kukaukiwa maji. Hapo figo zinahitaji presha yote zinayoweza kupata, na losartani inazipunguzia. Aisimamishe, aende hospitali, na aseme ameisimamisha. Maji ya chumvi na sukari ya pakiti yana potasiamu pia, lakini anayekauka kwa kuhara ayanywe njiani; kukauka kunaua haraka zaidi.

Kuhusu atakachotibiwa, sitaki kukuahidi. Ikiwa potasiamu imeshuka kwa kuacha chumvi ile na diklofenaki, huenda asihitaji kingine. Ikiwa bado 5.5 na kitu, daktari anaweza kupunguza losartani, kuongeza dawa ya kukojosha kama furosemidi ambayo hupeleka sodiamu zaidi mwishoni mwa kijirija na kuisaidia potasiamu itoke, au kumpa vidonge vya bikaboneti kama damu imekuwa na asidi. (Magadi ya jikoni si mbadala wa vidonge hivyo, kabla hujauliza.) Ikiwa imepita 6.5, au ECG imebadilika, atalazwa: kalsiamu ya mshipani kuulinda moyo, insulini pamoja na glukosi kuirudisha potasiamu ndani ya seli, wakati mwingine dawa ya pumu ya kuvuta kwa mashine, na zikishindwa, kusafishwa damu, huduma ambayo Bugando inayo. Kusafishwa damu mara moja kwa dharura hakumaanishi atasafishwa maisha yake yote. Na kama ni mara ya kwanza kreatinini kuonekana juu, hatuwezi hata kusema ni ugonjwa wa figo wa kudumu. Hilo huhitaji miezi mitatu ya vipimo, na sehemu ya hiyo 190 inaweza kuwa ya diklofenaki tu. Nimeona zikishuka vizuri.

Mgongo wenyewe hamjauliza, lakini nitajibu. Ugonjwa wa figo wa aina hii kwa kawaida hauumi. Mgongo wa mtu aliyevuta nyavu na kubeba magunia ni mgongo, na ni masikitiko kwamba dawa ya mgongo ndiyo iliyofika kwenye figo. Atumie parasetamoli kwa kipimo chake, dawa ya kupaka na mazoezi. Ibuprofeni ni ndugu wa diklofenaki, asiguse. Septrini nayo huzuia potasiamu isitoke, kwa hiyo akienda duka la dawa kwa kikohozi au mkojo, aseme kwanza kwamba figo zina shida.

Chakula nimekiweka karibu na mwisho kwa sababu uzito wake hapa ni mdogo kuliko mnavyodhani, na sitaki mzee akonde kwa kuogopa sahani. Mpaka potasiamu ishuke, viazi vimenywe, vikatwe vipande vyembamba, vichemshwe kwenye sufuria kubwa ya maji mengi. Vikianza kulainika yamwagwe, yawekwe mengine, viive. Maji hayo yasigeuzwe mchuzi. Michembe na matobolwa ni viazi vitamu vilivyokaushwa, maji yametoka na potasiamu imebaki, kwa hiyo aviache kwa sasa. Chungwa moja si dhambi, jagi la juisi ya machungwa sita ni jambo lingine. Wali na ugali wa sembe vina potasiamu kidogo kuliko viazi. Sato asiyekaushwa ale, kipande cha kiganja kinatosha. Kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na dagaa wa chumvi viwe vya wageni. Kuna nyumba ambako maharage yanalainishwa kwa maji ya majivu badala ya magadi. Majivu ya mimea yamejaa potasiamu, na magadi yamejaa sodiamu, basi mama ayaache yote mawili na kuyaloweka maharage usiku. Chumvi ya kawaida itumike, ila kwa jumla isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye samaki.

Wewe na wadogo zako, ndiyo, mpime: presha, sukari, protini kwenye mkojo, na kreatinini mara moja. Mwenye presha kati yenu arudie kila mwaka. Wasio nayo, presha inatosha kupimwa kila mnapopita kituo cha afya.